Wakili wa Serikali na Mashauri ya Kazi: Yanayosemwa Kusini na Yaliyo Kweli

Nikijitambulisha mbele ya watu, iwe Mtwara mjini au Nachingwea, kuwa mimi ni Wakili wa Serikali na kwamba kazi yangu ni mashauri ya ajira, wengi hudhani mara moja kuwa ninawapeleka watu jela. Dhana hii ina chanzo chake, kwa kuwa kwa miaka mingi jina hilo lilisikika zaidi katika kesi za jinai. Lakini tangu Februari 2018 kazi za kisheria za Serikali zimegawanywa: Ofisi ya Mwanasheria Mkuu hushughulikia ushauri, uandishi wa sheria na mikataba, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka huendesha jinai, na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali huendesha madai na usuluhishi. Shauri la mtu aliyeachishwa kazi ni la madai. Linahusu kurudishwa kazini, fidia au mshahara ambao haukulipwa, wala hakuna anayefungwa kwa kulishindwa.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa zaidi ni ile isemayo kwamba wakili wa namna hii ameajiriwa kuitetea Serikali hata pale ilipokosea. Katika sheria ya kazi msimamo huo hauwezekani hata kwa mtu aliyeutaka. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na ya haki ya kumwachisha mtu kazi, na awe amefuata utaratibu wa haki. Kisha kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri huyo mzigo wa kuthibitisha hayo yote. Kwa hiyo jalada likifika mezani kwangu, swali la kwanza si namna ya kumshinda mlalamikaji, bali ni kama mwajiri wa umma anacho cha kuonyesha: hati ya mashtaka, uthibitisho kwamba mtumishi aliipokea, utetezi wake wa maandishi, uteuzi wa kamati ya uchunguzi, taarifa ya kamati na uamuzi wa mamlaka ya nidhamu.

Niliwahi kupokea jalada nene, limefungwa vizuri kwa uzi, na kila folio ikiwa na namba yake kwa wino mwekundu. Tuhuma zilikuwa nzito na ushahidi wake haukuwa haba. Nilipozipanga tarehe kwenye karatasi moja, nikaona kwamba barua ya kumfukuza mtumishi ilisainiwa siku 4 kabla ya taarifa ya kamati ya uchunguzi kuwasilishwa, maana yake aliyeamua aliamua kabla ya kusikia. Hakuna ufasaha wa mahakamani unaoweza kuzirudisha nyuma siku hizo 4. Ushauri wangu ulikuwa kwamba uamuzi ule haukuwa na miguu ya kusimamia, kwamba mtumishi arejeshwe kwenye hadhi yake, na mwajiri akitaka kuendelea aanze upya kwa kufuata utaratibu. Fedha ya umma inayolipwa kama fidia kwa sababu ya barua iliyosainiwa kwa haraka ni fedha iliyotoka kwenye dawa na madawati, nami sioni kwamba kulisema hilo mapema ni kumsaliti mteja wangu. Sehemu kubwa ya kazi hii iko hapo, katika ushauri unaotolewa kabla ya shauri kuzaliwa.

Watumishi wenyewe nao wana dhana yao, inayowagharimu miaka. Wengi huamini kuwa mtumishi wa umma akifukuzwa hukimbilia moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachopokea migogoro ya kazi, kama afanyavyo mfanyakazi wa kampuni binafsi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira inawahusu pia watumishi wa Serikali Tanzania Bara, isipokuwa wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Hata hivyo, mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi amalize kwanza njia zote za ndani ya sheria hiyo kabla ya kugeukia sheria za kazi. Njia hizo ni rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 45, na baada yake kwa Rais.

Jambo hili liliamuliwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, ikiwa imeketi Mtwara, ilisikiliza shauri kati ya shirika la umma na mtumishi wake wa zamani, ikaamua kuwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haikuwa na mamlaka ya kulipokea kwa sababu njia za ndani hazikuwa zimemalizwa. Mwenendo wa Tume na wa Mahakama Kuu ukafutwa. Hebu fikiria mtu aliyepita ngazi zote hizo, na nauli za kwenda na kurudi, kisha akaambiwa kwamba mlango aliougonga haukuwa wake. Ninapoinuka kutoa pingamizi la awali la namna hiyo, wapo wanaodhani ninacheza na mbinu za kisheria. Suala la mamlaka haliachwi kwa hiari yangu, kwa kuwa hata nikinyamaza, Mahakama inaweza kuliibua yenyewe wakati wowote. Lakini maumivu ya mtu aliyekosea mlango nayaona, na ndiyo sababu ninalirudia jambo hili kila ninapopewa nafasi ya kuzungumza na watumishi.

Wapo pia wanaodhani kuwa wakili wa serikali ni wakili wa kila mwananchi. Msimu mmoja wa korosho alinijia mama mmoja mbanguaji, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda, ameshika daftari dogo lenye kilo alizobangua siku kwa siku. "Karatasi ya mkataba sina, mwanangu," alisema, "lakini kazi nimefanya." Nilimweleza kwa heshima kwamba siwezi kusimama kumwakilisha, kwa kuwa mteja wangu ni Serikali. Mlango wake ni Afisa Kazi na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 angeweza kumsaidia kujaza fomu.

Lakini la mkataba nilimsahihisha, kwa sababu dhana kwamba asiye na karatasi hana haki imewanyamazisha vibarua wengi. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Wajibu wa kuandika masharti ya kazi ni wa mwajiri, na kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano saa zake za kazi zinapangwa na mwingine au vifaa anavyotumia vinatolewa na mwingine. Daftari lile lilikuwa ushahidi.

Kikwazo cha mbanguaji wa msimu kiko kwingine: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo, hata kama ni kwa mikataba zaidi ya mmoja, ingawa ujira alioutolea jasho anaweza kuudai. Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, ukiwemo ujira, ndani ya siku 60. Tuliufungua ukurasa wa mwisho wa daftari, tukahesabu pamoja tangu siku aliyokataliwa malipo yake, na zilikuwa zimebaki siku 11.