Je, wajua mvinyo una ndugu katika lugha zisizo na undugu?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, akitaja "mvinyo", Mtaliano husikia "vino" yake, Mwebrania husikia "yayin", na mtu wa Georgia hudhani umekosea kutamka "ghvino". Ajabu ni kwamba lugha hizo nne ni za koo nne: Kiswahili ni Kibantu, Kiitalia ni Kihindi-Kiulaya, Kiebrania ni Kisemiti, na Kijojia, lugha ya Georgia, kina ukoo wake huko Kaukazi, milimani kati ya Ulaya na Asia.

Kwa kuwa kilimo cha zabibu Dodoma huhusishwa na wamisionari wa Kiitalia wa Bihawana, ni rahisi kudhani neno lilikuja nao. Sivyo. Lilikuwa Pwani zamani, pamoja na meza na leso. Ni "vinho" ya Wareno, inayotamkwa karibu na "vinyu". Waswahili wakaitia m- mbele, ikaingia ngeli ya mti na mkate.

Na divai je? Hiyo ni "du vin" ya Wafaransa. Kwa hiyo anayekunywa mvinyo Jumamosi na kuona divai altareni Jumapili amekutana mara mbili na neno moja la Kilatini, "vinum", lililotufikia kwa njia mbili.

Kabla ya Kilatini ndipo wataalamu wanapovutana. Wapo wanaolitoa kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya wenye maana ya kusokota, kwa jinsi mzabibu unavyojizungusha. Wengine hutazama Kaukazi: vyungu vilivyochimbuliwa Georgia, ambavyo matokeo yake yalitangazwa 2017, vilikuwa na mabaki ya mvinyo wa miaka 8,000 hivi. Mimi naelemea huku, maana bidhaa ikisafiri jina hupanda nayo. Wasemiti nao walikuwa na "wayn", na Waethiopia wanayo hadi leo. Kiebrania hugeuza w ya mwanzo kuwa y: mtoto kwa Kiarabu ni "walad", kwa Kiebrania "yeled". Ndiyo maana ikawa "yayin".

Tunda lenyewe lilipata jina kwingine. Kwa Kiarabu "zabib" ni zabibu kavu tu. Mbichi ni "inab". Huenda zilizovuka bahari kuja kwetu zilikuwa zimekaushwa. Basi Mwarabu akiomba "zabib" soko la Majengo pale Dodoma, asishangae kupewa kichala kinachodondosha maji.