Chuo kikuu au chuo cha ufundi? Anza na kazi unayoitaka

Vijana wenye vipaji vya sanaa, pamoja na wazazi wao, hutuuliza swali hilohilo kila msimu wa maombi: kuchukua shahada chuo kikuu, au kusomea fani moja kwenye chuo cha ufundi? Mara nyingi mzazi anavutwa na heshima ya shahada, kijana anavutwa na kozi inayoisha mapema, na hakuna aliyeuliza kazi yenyewe inadai nini.

Zipo kazi za ubunifu zisizofunguka bila karatasi. Katika nchi nyingi, msanifu majengo hasajiliwi bila shahada inayotambuliwa. Anayetaka kufundisha sanaa chuo kikuu naye kwa kawaida huombwa shahada ya uzamili. Hao njia yao imeshajulikana. Lakini mhariri wa video, fundi sauti, mpiga picha au mchora katuni? Mwajiri huomba kwanza kuona kazi zao.

Na kazi nzuri hutoka kwenye mazoezi. Chukua ushonaji wa makoti. Sehemu ya juu ya mkono wa koti hukatwa ikiwa ndefu kidogo kuliko mzunguko wa kwapa inapoungwa, na ziada hiyo lazima imezwe na mshono bila kuacha mkunjo begani. Kuelezwa hayo ni dakika chache. Kuyaweza ni kushona, kufumua na kushona tena, mwalimu akiwa pembeni anatazama vidole vyako. Saa za karakana za namna hiyo ndizo nguvu ya chuo kizuri cha ufundi. Chuo kikuu nacho humpa mtu historia ya sanaa, uandishi, utafiti na wenzake wa fani nyingine, mambo yatakayomfaa hata programu ya kompyuta aliyoizoea itakapopitwa na wakati.

Msanifu majengo Walter Gropius alipoanzisha Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi, mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, karakana ziliwekwa chini ya walimu wawili: msanii aliyefundisha umbo na fundi aliyefundisha kazi ya mikono. Shule ilifungwa mwaka 1933, lakini mpangilio ule ningemshauri kila mwombaji autafute, chuo kiitwe kwa jina lolote.

Kwa hiyo nenda ukakitembelee chuo siku ya kawaida ya masomo. Tazama kama mashine zinatumika au zimefunikwa. Uliza wanafunzi wangapi wanagawana kamera moja, na kama walimu bado wanaifanya kazi wanayoifundisha. Omba pia kuona kazi za mwanafunzi wa wastani wa mwaka wa mwisho, maana zile bora utazikuta zimetundikwa ukutani. Chuo kinachosita kukuonyesha, mimi ningekiacha, hata ada yake ingekuwa nafuu kiasi gani.

Hakikisha pia kina ithibati ya mamlaka ya elimu. Na kama unapanga kuanza na stashahada ya ufundi kisha uendelee na shahada, muulize msajili wa chuo kikuu unachokilenga, kabla ya kulipa chochote, kama stashahada hiyo inakubalika na ni masomo gani hutalazimika kuyarudia. Jibu lake liombe kwa maandishi.