Subaru za tabo za zamani: kwa nini bei inapanda, na cha kukagua kabla hujalipa

Mtu akisimulia Subaru ya tabo ya miaka ya 1990, kitu cha kwanza anachoiga kwa mdomo ni mlio wake. Wengi wanadhani ule mngurumo wa kukatikakatika unatoka kwenye sailensa kubwa. Hapana. EJ20, injini ya magari haya, ni ya boksa: silinda mbili zimelala kulia, mbili kushoto, na tabo, feni inayozungushwa na moshi ili kuijaza injini hewa, imekaa upande wa kulia kwa nyuma. Moshi wa silinda za kushoto lazima uzunguke chini ya injini ndipo uifikie, kwa hiyo bomba lake ni refu kuliko la kulia na mapigo ya moshi yanafika kwenye tabo kwa kupishana. Kuanzia takriban mwaka 2002, STI, yaani Impreza WRX za toleo kali zaidi, za soko la Japani ziliwekewa mabomba ya urefu sawa na tabo yenye njia mbili za kuingiza moshi. Zinaamka mapema zaidi, ila mlio ule haupo. Wapo wanunuzi wanaoongeza hela kwa ajili ya mlio tu, na siwalaumu.

Impreza WRX ya kwanza, GC8, ilitoka Japani Novemba 1992 ikiwa na nguvu farasi 240 kutoka injini ya cc 1994. Kufikia 1996 STI ilikuwa imetangazwa kuwa na 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke kwenye karatasi. Piston ina upana wa milimita 92 na inasafiri milimita 75 tu, ndiyo maana injini hii inapenda kuzungushwa. Mgandamizo ni mdogo, 8.0 kwa 1 kwenye nyingi za hizi, ili tabo ipate nafasi ya kujaza hewa. Matokeo yake chini ya mizunguko 3,000 gari limelala, kisha linakusukuma mgongo kitini. Tabo za leo zimeondoa kasoro hiyo, na kasoro hiyo ndiyo watu wanayoitafuta.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Kuanzia 1990 hadi 2002, kila mshindi wa Safari Rally aliendesha gari la tabo linalovuta magurudumu yote manne: Toyota Celica, Lancia Delta, Mitsubishi Lancer na Carisma, Ford Focus, na Subaru Impreza mara mbili, Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Aliyeliona gari lile likitoka kwenye vumbi akiwa mtoto, leo ana kazi na akaunti ya benki.

Lakini mapenzi peke yake hayapandishi bei kama bidhaa bado inaingia. Hii haiingii. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo GC8 zilizopo ndizo hizo hizo, na kila inayogongwa inapunguza hesabu. Tanzania mlango uko wazi, ila gari kuukuu linabeba ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na huko Japani unashindana na Mmarekani. Marekani inaruhusu gari lolote likitimiza miaka 25, bila masharti ya usalama yanayowabana watengenezaji wa magari mapya. Kila mwaka fungu jipya linafikisha umri huo. STI za kwanza za kizazi cha pili cha Impreza (GDB), za mwishoni mwa 2000, zilifikisha mwishoni mwa 2025. Na mrithi hayupo. Subaru ilifunga hadithi ya EJ20 kwa toleo la mwisho la magari 555, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba WRX ya sasa haitakuwa na STI ya petroli. Mitsubishi nayo iliachana na Lancer Evolution (Evo) baada ya ile ya kumi.

Sasa ukweli usiopendeza: bei inayopanda ni ya gari lisiloguswa. Lililochezewa linapanda kidogo au halipandi kabisa, na ya kwetu mengi yamechezewa.

Anza na utambulisho. Kwenye kizazi cha pili, namba ya chesisi inayoanza na GDB ni STI, GDA ni WRX ya kawaida. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Fungua boneti uisome mwenyewe, usipokee picha. Kisha tafuta herufi za injini zilizogongwa juu ya bloku, karibu na pale inapoungana na gia boksi. EJ207 ni ya STI, EJ205 ya WRX. Manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) nyekundu kama ya STI haithibitishi kitu, kopo la rangi linauzwa kila duka la spea. Injini ikiwa imebadilishwa, hakikisha mabadiliko hayo yameandikwa kwenye logibuku au kadi ya gari. Gari zima linaweza kuwa zuri likakusumbua siku ya kuhamisha umiliki.

Ukiagiza kutoka mnada wa Japani, soma karatasi ya mnada kabla ya picha. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni bodi iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu, kutokana na neno la Kijapani sabi, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. C kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, au pale shokomzoba za nyuma zinaposhika bodi, ni gari la kuacha. Likiletwa kuishi Mombasa au Tanga, chumvi ya pwani itamaliza kilichobaki.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi kwanza, kwa hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ikiwaka ikiwa na mgongano mwepesi unaofifia ndani ya dakika moja au mbili, hiyo kwa kawaida ni piston kucheza kabla haijapata joto. Unaokutisha ni wa kinyume: unazidi injini inapopata moto, unasikika kwenye mizunguko 2,500 hivi unapoachia mafuta, kok-kok-kok mzito. Hiyo ni beringi ya koni rodi, fimbo inayounganisha piston na krankshafti, na dawa yake ni kushusha injini. Inakufa kwa kukosa oili: oili imeshuka, bomba la kunyonya oili kwenye karta (bakuli la oili chini ya injini) limepasuka, au kona imekatwa kwa kasi oili ikakimbilia upande mmoja. Kama muuzaji anakubali, mwaga oili, kata filta kwa kikata filta, tandaza ile karatasi juani. Vumbi la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyometameta kama glita, rudi nyumbani.

Kupima mgandamizo, injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote nne nje, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini. EJ20 ya tabo yenye afya husoma takriban psi 140 hadi 170. Namba yenyewe si muhimu kama ulinganifu: tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10. Moja ikiwa chini peke yake, mara nyingi ukingo wa piston unaoshika ringi umevunjika. Kinachouvunja ni mlipuko wa mapema ndani ya silinda, na kinacholeta mlipuko huo hapa kwetu ni petroli. Kompyuta ya STI ya Japani ilipangwa kwa premiamu yao, inayofika oktani 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo, na mtu akiongeza presha ya tabo bila kupanga upya kompyuta, anainunulia injini kaburi kwa awamu.

Zitazame zile plagi ulizotoa. Zimebanwa kati ya injini na fremu, kuzifikia lazima uondoe betri na tangi la maji ya wipa, kwa hiyo mafundi wavivu huziruka. Plagi nyeusi zenye masizi kwenye gari lenye ile valvu inayopiga pssss hewani zinajieleza: kompyuta imeshapima hewa na kuimwagia petroli yake, kisha valvu inaitupa nje. Valvu ya asili huirudisha hewa kabla ya tabo.

Toa bomba la hewa la tabo ushike mhimili wake. Kucheza kidogo pembeni kunakubalika. Kucheza mbele na nyuma hakukubaliki, wala mapanga yaliyokwaruza ukuta. Moshi wa bluu baada ya kuacha injini ikizunguka taratibu dakika tatu kisha ukakanyaga, ni oili inayopita kwenye tabo au sili za valvu.

Mkanda wa taimingi hauna mjadala. Ukikatika, valvu zinakutana na zinapinda. Kilomita 100,000 ndio ukomo, na kama hakuna rekodi, hesabu kwamba muda umefika: mkanda, roli zake zote, kikaza mkanda na pampu ya maji kwa pamoja. Roli moja iliyokwama inakata mkanda mpya vilevile. Kwenye Evo zenye injini ya 4G63 ongeza mkanda mdogo wa mihimili ya kusawazisha. Ukikatika unaweza kuvutwa ndani ya ule mkubwa.

Gia boksi ya gia tano ndiyo sehemu dhaifu, hasa gia ya tatu. Iingize haraka ukiwa kwenye mizunguko ya juu. Ikikwaruza, sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, imechoka. Kisha zungusha usukani hadi mwisho, tembea taratibu ukichora duara kwenye lami. Gari likishikashika na kurukaruka, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imekwama. Angalia pia matairi: manne yawe aina moja, na tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Tairi moja jipya na matatu yaliyokwisha huua difu hiyo polepole.

Ukishalinunua, kila kipande cha asili unachokitoa kiwekee lebo, kifunge, kihifadhi: sailensa, intakula, rimu, hata usukani. Mnunuzi wa kesho atauliza viko wapi. Oili ya 5W-40 au 10W-40, lita nne na nusu hivi, ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kijiti cha oili kichomolewe kila unapojaza petroli. Ukitoka kwenye mwendo mkali, kilomita ya mwisho iende pole, au iache injini ikizunguka dakika moja kabla ya kuzima. Gari likikaa bila kuendeshwa, liwashe kila wiki mbili na ulitembeze hadi oili ipate moto. Kuliwasha uani dakika tano na kulizima kunaacha maji kwenye oili tu.