Chala na Taveta kwa Siku Moja: Unayoambiwa na Yalivyo

Taja Ziwa Chala mbele ya watu kadhaa na kila mmoja atakuwa na lake la kukwambia. Huyu atasema halina mwisho. Yule atasema mamba walikwisha zamani, oga tu. Atatokea na wa kukushauri uvuke kwa mtumbwi ukale mchana Tanzania kisha urudi Kenya. Jambo moja watakubaliana wote: Taveta, mji ulio kilomita chache kusini mwa ziwa, ni mahali pa kubadilishia pesa na kugongewa muhuri, basi. Baadhi ya maneno hayo ni masimulizi yasiyomdhuru mtu. Mengine yanaharibu safari, na mojawapo linaweza kukutoa roho.

"Ni maji ya mvua yaliyotuama shimoni, tena ya chumvi"

Chala limekaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, chini kabisa ya mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unalikata. Ukisimama ukingoni huoni mto wa maana unaoingia wala unaotoka, kwa hiyo dhana hii haikuzuka hivi hivi. Ziwa lisilo na pa kutokea katika joto la aina hii lingepaswa kugeuka magadi, kama Natron lilivyo.

Ila Chala ni maji matamu. Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Kilimanjaro hudidimia katika miamba ya volkano, ikashuka chini kwa chini hadi ziwani. Upande mwingine maji huvuja tena kupitia ardhini, yakiondoka na chumvi ambayo ingebaki na kurundikana. Ziwa linapumua, tuseme, bila mtu kuona pua yake.

Hilo linaeleza pia jambo ambalo msafiri hulishangaa akifika Taveta. Umetoka Voi, umepita nyika ya Tsavo, vumbi jekundu na miiba, halafu ghafla migomba. Ni maji ya mlima huohuo, yanayobubujika kwenye chemchemi kama Njoro Kubwa na kunywesha mashamba. Ndizi za Taveta zinauzwa hadi Mombasa na Nairobi. Kwa hiyo anayekwambia ziwa na mji havihusiani, kwamba uchague kimoja, hajaangalia chini ya miguu yake.

"Halina mwisho, na chini yake kuna kijiji"

Mwisho linao. Kina chake kinazidi kidogo mita 90, ambacho ni kirefu mno kwa ziwa dogo namna hii, lakini kinapimika na kimepimwa.

Hadithi ya kijiji ni ya kale. Husimuliwa kwamba palikuwa na boma la Wamaasai, ardhi ikapasuka, likazama na watu na mifugo, na hadi leo ng'ombe husikika wakilia chini ya maji. Haikubuniwa na watembeza wageni wa siku hizi. Wazungu waliopita huku karne ya 19 waliikuta ikisimuliwa, baada ya mmisionari Mwingereza Charles New kufika Chala mwaka 1871. Naipenda hadithi hiyo, na ukibahatika kumpata mzee wa kukusimulia, kaa umsikilize hadi mwisho. Ila usiichukue kama historia. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa tope la sakafu ya ziwa na kutoa tabaka zenye urefu wa zaidi ya mita 200, zinazorudi nyuma miaka kama 250,000. Tope hilo lilianza kujikusanya wakati kreta ipo tayari na imejaa maji. Hakukuwa na Mmaasai wakati huo, wala ng'ombe wa kufugwa popote duniani.

Tope hilo, kwa kweli, lina thamani kuliko hadithi. Limetunza kumbukumbu ya mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu kiasi kwamba maziwa machache ya ukanda huu yanaweza kushindana nalo.

"Mamba walikwisha, oga bila wasiwasi"

Usioge. Mwaka 2002 msichana Mwingereza wa miaka 18, aliyekuwa Kenya kwa kazi ya kujitolea, aliuawa na mamba humu. Watu walikuwa wakiogelea kabla yake, wameogelea baada yake, na wapo watakaokuapia kwamba hawajawahi kuona hata mkia. Mamba hana kazi ya kuonekana. Maji ni ya buluu, mengine ya kijani, yanabadilika rangi kwa msimu na kwa jua, na kwenye joto la saa sita yanakuita kwa jina. Yatazame.

Kushuka kutoka ukingoni hadi majini ni jambo jingine watu hulidharau. Kuta za kreta ni kali, njia ni ya mawe yanayoteleza, na kupanda kurudi juu ndiko kunakokuonyesha umri wako. Viatu vilivyofungwa, maji ya kutosha, na kama una watoto wadogo au una magoti mabovu, bakia juu. Mandhari iliyo bora iko juu vilevile.

"Chala na Jipe ni mamoja"

Si mamoja. Jipe liko kusini ya Taveta, ni la kina kifupi, lina matete na viboko, na mto Lumi huliletea maji. Nalo limegawanywa na mpaka, ndipo watu wanapochanganya. Chala lina hata samaki wake, aina ya perege ambaye kwa asili hapatikani kwingine. Kuyabana mawili haya pamoja na mji katika siku moja ni kujinyima yote matatu.

"Mpaka? Vuka tu kwa mtumbwi"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na watu ambao shangazi zao wako ng'ambo. Ziwani hakuna ofisi ya uhamiaji. Ukitoka ufuo mmoja ukashukia mwingine umeingia nchi bila kibali, na kujitetea kwamba uliona maji tu hakutakusaidia. Njia halali iko kusini, kwenye kituo cha pamoja cha Holili na Taveta, kwa pasi ya kusafiria au hati ya muda. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitaka siku yako iwe nyepesi, chagua upande mmoja wa ziwa. Anayetoka Moshi na hajali sana kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza wala soko la Taveta atosheke na ukingo wa Tanzania. Anayetaka mji pia, apite Holili asubuhi na mapema afike Chala kwa upande wa Kenya.

Halafu kuna ile kubwa lao: kwamba mpaka umepinda hapa kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kwa siku yake ya kuzaliwa. Nimeisikia darasani, kwenye matatu, na kwa watembeza wageni wanaojua vizuri kwamba mgeni anapenda kuisikia. Tarehe tu zinaimaliza. Mstari huu ulikubaliwa baina ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Wilhelm II, mjukuu mwenyewe, alitawazwa 1888. Mwaka 1886 kaisari alikuwa babu yake mzaa baba, ambaye Victoria hakuwa na sababu ya kumpa mlima.

Sababu yenyewe haina utamu wa zawadi, lakini inakuhusu zaidi wewe uliyesimama Taveta. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alijipatia hapa mkataba wa ardhi. Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Jühlke akapata wake kwa Mangi Rindi, mtawala wa Kichaga wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Kila upande ulifika mezani na karatasi yake. Makubaliano yakasema mstari uanzie mdomoni mwa mto Umba, uje moja kwa moja hadi Jipe, uzunguke ziwa hilo, uvuke Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha uzunguke mlima kwa kaskazini. Taveta ikaenda kwa Waingereza na mlima ukaenda kwa Wajerumani. Waliokaa hapa na kuzikana hapa hawakuulizwa.

"Taveta hakuna cha kuona"

Hapa ndipo ninapopoteza subira. Kabla ya mpaka wowote, Taveta ilikuwa kituo ambacho misafara ya pwani iliota kukifikia. Ukitoka Mombasa au Pangani kwa miguu, ukavuka nyika isiyo na maji, msitu huu wenye mto na chakula ulikuwa mahali pa kupumzisha wapagazi, kununua vyakula na kupanga safari ya Umasaini. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, alizijua njia hizi kiasi kwamba wasafiri Wazungu Joseph Thomson mwaka 1883 na Teleki miaka michache baadaye walimtegemea. Majina yao yako vitabuni. La kwake hulipati kwenye kibao chochote barabarani.

Kisha vita. Wengi wetu tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kama ugomvi wa Ulaya ulioturukia cheche. Wajerumani waliiteka Taveta tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu tangu vita vitangazwe, wakaishikilia hadi Machi 1916. Mashariki ya mji, kando ya barabara ya Voi, kuna kilima kidogo kiitwacho Salaita. Ukipita kwa gari bila kuambiwa, hutageuza shingo. Tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Afrika Kusini cha upande wa Waingereza kilichokuwa kimewasili karibuni kilikishambulia. Mizinga ikapiga kilele, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini kwenye kitako cha kilima. Askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani wakawatimua, na waliofunika kurudi kwao nyuma walikuwa wanajeshi Wabaluchi kutoka India, walewale ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao.

Na ziwa linaingiaje? Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alipochukua uongozi wa majeshi ya Uingereza hakurudia kosa la kuja mbele. Tarehe 8 Machi wapanda farasi wake walizunguka kwa kaskazini na kushika miinuko ya Chala. Wajerumani wakaona watafungiwa nyuma, wakaiacha Salaita bila kupigana. Siku chache baadaye yakafuata mapigano ya Latema na Reata, vilima viwili ambavyo barabara ya Holili inapita baina yao. Kwa maneno mengine, ukianza Chala asubuhi, ukashuka mjini, ukatazama Latema na Reata, kisha ukaondokea Salaita, umepita juu ya mapigano hayo yote.

Makaburi ya vita ya Taveta yametunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa. Yasome majina, kisha utafute ya wapagazi waliobeba risasi na unga kwa vichwa vyao, waliokufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa bunduki. Hutapata mengi.

Watembeza wageni watakuonyesha pia mbuyu, wakusimulie mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akidungua Waingereza ili kulipiza kisasi cha mumewe. Msikilize, umlipe, mbuyu ni mzuri. Ushahidi wa mwanamke huyo ni mwembamba kama uzi.

Na lile jumba kubwa juu ya kilima waliitalo kasri, si ngome ya Wajerumani. Lilijengwa miaka ya 1930 na Ewart Grogan, mlowezi aliyesifika kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, akaja kumiliki mashamba makubwa ya mkonge hapa. Suala la ardhi ile Taveta halijatulia hadi leo. Ukimuuliza mwenyeji, jiandae kwa jibu refu.

"Karibu na Kilimanjaro ni baridi, na mlima unauona wakati wowote"

Taveta iko kwenye mwinuko wa mita kama 750 tu. Ni joto, na mbu wapo. Mlima nao hujifunika mapema. Anayetaka kuuona nyuma ya ziwa awe ukingoni jua linapochomoza au muda mfupi baadaye. Mkifika saa nne mtakuta wingu, mtarudi mkisema mmedanganywa.

Ndiyo sababu safari ya siku moja kutoka Nairobi ni ndoto. Nairobi hadi Voi ni kilomita 330 hivi, na Voi hadi Taveta ni kama 110 zaidi. Lala Voi, Taveta au Moshi, uanze alfajiri. Lami siku hizi inafika Taveta. Kipande cha kwenda ziwani ni vumbi, na bodaboda anakijua kuliko simu yako. Patana naye bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda.

Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi, na mimi ningepanga safari nzima kuzizunguka. Ukimaliza Chala kufikia saa tatu, soko linakuwa limechangamka: ndizi, nyanya, mitumba, Kichaga, Kitaveta na Kiswahili cha kila aina, shilingi za nchi mbili kwenye kibunda kimoja. Hesabu chenji yako kwa utulivu. Angalia na simu pia, maana mpakani hudaka mtandao wa nchi jirani na kula salio ukidhani uko nyumbani.

Salaita iwe ya mwisho, alasiri, kwa kuwa iko njiani kuelekea Voi. Usiichelewe. Barabara hiyo inakata Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Hulipi kiingilio kwa kupita tu, lakini tembo huivuka wanapotaka, na giza likiingia dereva hamwoni hadi amemfikia. Ulizia asubuhi, ukiwa bado mjini, matatu ya mwisho huondoka saa ngapi, si jioni ukiwa umesimama chini ya kilima.