Kabla ya Kununua Kompyuta, Nionyesheni Ratiba

Walimu wakuu wa shule za umma hapa Mombasa huniuliza swali moja kabla hata sijakaa: tutapata kompyuta ngapi? Nami huwaomba wanionyeshe ratiba. Wengine hucheka, wengine huona najidai. Lakini kazi yangu ni kuwafunza walimu kufundisha sayansi ya kompyuta, na ile karatasi iliyobandikwa ukutani hunieleza mengi kuliko stoo ya vifaa. Hunieleza nani anafundisha, mara ngapi kwa wiki, na saa ngapi ya siku.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Mtoto anayejua kuwasha mashine, kuchapa barua na kutengeneza jedwali anajua kutumia kompyuta. Ni jambo zuri, na mtaala wetu wa umilisi umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Sayansi ya kompyuta ni habari nyingine: kuligawa tatizo vipande vipande, kupanga hatua, kujua data inavyohifadhiwa, kuandika programu, na ikigoma, kutafuta ilipogomea. Hilo la kwanza tumelifanyia kazi kiasi. Hili la pili ndilo linaloyumba, na haliyumbi kwa sababu ya uhaba wa mashine peke yake.

Ushahidi tunao nyumbani. Laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza zilikuwa ahadi ya kampeni za 2013. Kufikia 2016 ahadi hiyo ilikuwa imegeuka mpango wa vishikwambi, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vikasambazwa katika shule za msingi za umma nchi nzima, pamoja na laptopu za walimu na projekta. Ni haki kusema kwamba shule nyingi zilivutiwa stima kwa ajili ya mpango huo, na hilo peke yake lina faida yake. Lakini katika shule nyingi nilizopita, vifaa viliishia kufungiwa stoo. Mwalimu mkuu simlaumu sana. Kikiibiwa kifaa kimoja ataandika taarifa mpaka achoke; vikikaa vyote kabatini hakuna wa kumuuliza. Betri ya kishikwambi ikikaa miaka bila chaji hufa yenyewe, na kwa hewa yetu hii ya chumvi, tundu la chaja huota kutu hata kama mlango haujafunguliwa.

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya usimbaji, yaani kuandika programu, kwa shule za msingi na za sekondari, na magazeti yakaandika kwa furaha. Mwaka uliofuata wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 wakaingia sekondari msingi, na sayansi ya kompyuta ikiwa somo la hiari. Halafu likaja jopo la marekebisho ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu. Masomo ya sekondari msingi, ambayo yalifika hadi 14, yakapunguzwa yakawa 9. Kompyuta na biashara zikatiwa ndani ya somo moja la awali la ufundi, lile ambalo kila mwalimu huliita Pre-Tech.

Mimi niliunga mkono kupunguza masomo. Watoto walikuwa wanabeba mikoba inayowashinda. Ila tazama inamfikaje mwalimu: somo lina vipindi 4 vya dakika 40 kwa wiki, na ndani yake mna uchoraji wa kiufundi, vifaa na malighafi, usalama, biashara, fedha na kompyuta. Mwalimu aliyesomea biashara atafundisha biashara vizuri. Zamu ya programu ikifika, atawasomesha wanafunzi sehemu za kompyuta kutoka kitabuni, hii kibodi, hii skrini, kisha atasonga mbele. Usimwite mvivu. Anafundisha anachokijua, kama afanyavyo kila mwalimu mwaminifu.

Uingereza walipitia haya kabla yetu, tena wakiwa na mashine na intaneti ya kutosha. Mwaka 2012 Royal Society, taasisi yao ya wanasayansi, ilitoa ripoti ikilalamika kwamba somo la kompyuta katika shule nyingi limegeuka somo la kutumia programu za ofisini. Septemba 2014 England ikaanza mtaala mpya wenye usimbaji tangu mtoto ana miaka 5. Ripoti ya taasisi hiyo hiyo ya mwaka 2017 ikaonyesha asilimia 54 ya shule hazitoi kabisa sayansi ya kompyuta katika GCSE, mtihani wa wanafunzi wa miaka 16, na kati ya watahiniwa wa somo hilo msichana alikuwa mmoja katika kila watano. Hapo ndipo serikali ilipotoa pauni milioni 84, sehemu kubwa ikiwa ya kuwafunza walimu hadi 8,000. Miaka mitatu baada ya mtaala! Marekani, bodi ya shule za umma za Chicago ilifuata njia nyingine: mwaka 2016 ilipiga kura kulifanya somo hili kuwa sharti la kuhitimu sekondari. Ukishaliweka hivyo, kila mwalimu mkuu hana budi kulitafutia saa na mtu wa kulifundisha.

Saa, basi. Ushauri unaotolewa kila mara kwa shule zetu ni kuanzisha klabu ya kompyuta baada ya masomo. Anayeshauri hivyo hajakaa Mombasa. Watoto wetu wengi wakitoka shule alasiri wanakwenda madrasa, na wikendi vivyo hivyo. Wasichana wakirudi nyumbani wana kazi za nyumbani zinazowasubiri. Klabu ya saa kumi hubaki na wavulana wachache ambao tayari wana kompyuta kwao, kisha shule inaandika kwenye ripoti kwamba inafundisha usimbaji. Somo likiwa la wote, liwekwe saa ambayo wote wapo. Na tafadhali, lisiwe kipindi cha mwisho Ijumaa asubuhi, ambapo nusu ya darasa macho yako kwenye saa ya msikiti.

Sasa niwaonyeshe somo lenyewe, maana wengi hudhani bila mashine hakuna kitu.

Darasa la Gredi ya 8, wanafunzi zaidi ya 60, ukumbi wa nje wenye sakafu ya saruji. Mwalimu amechora visanduku vitatu kwa chaki, kimoja baada ya kingine. Katika kila kisanduku amesimama mwanafunzi mwenye karatasi ya sharti. Wa kwanza: kama alama ni 41 au zaidi, toka na kadi ya "kufikia matarajio". Wa pili: kama alama ni 75 au zaidi, toka na kadi ya "kuzidisha matarajio". Wa tatu: kama alama ni 21 au zaidi, toka na "kukaribia matarajio". Atakayevuka vyote anaangukia "mbali na matarajio". Wanafunzi wengine wana vikaratasi vya alama na wanapita mmoja mmoja.

Anakuja msichana mwenye 82. Kisanduku cha kwanza kinamuuliza: una 41 au zaidi? Ninazo. Haya, chukua kadi yako, toka. Ameshika "kufikia matarajio", na darasa zima linapiga kelele: "Mwalimu, kaonewa huyo!" Aliyesimama kisanduku cha pili anajitetea kwamba yeye hakufikiwa na mtu. Na kweli, hatafikiwa na mtu mwenye haki ya kadi yake hata apite nani, kwa sababu kila mwenye 75 ana zaidi ya 41 na ameshatolewa mlangoni.

Mwalimu hakusema neno. Aliwaacha wagombane. Dakika chache baadaye vijana wawili wakawabadilisha nafasi wale wa kwanza na wa pili, yule mwenye 82 akapita tena, akatoka na kadi yake. Ndipo mwalimu akauliza: mtajuaje kwamba imetengenea kwa kila mtu? Kundi moja likataka kupitisha darasa zima. Kundi jingine likasema wapite wenye 74, 75, 40 na 41 tu, maana ugomvi uko mipakani. Hiyo ndiyo kazi ambayo wahandisi wa programu hulipwa kuifanya, na hapa ilifanywa kwa chaki. Baadaye, walipokaa mbele ya mashine na kuandika masharti yale yale kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kilichowasumbua kilikuwa alama za nukta mbili na nafasi za mwanzo wa mstari. Mantiki walikuwa nayo.

Mwalimu yule, kwa taarifa yenu, alisomea Kiswahili na dini. Nimeona mara nyingi kwamba walimu wa lugha huchukua usimbaji haraka wakipewa nafasi. Wamezoea kusoma sentensi neno kwa neno na kuuliza hili limekaa hapa kwa nini.

Mtindo huu wa kufundisha bila mashine haukubuniwa Pwani. Uliandaliwa kwa mpangilio na Tim Bell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, tangu miaka ya 1990, na shughuli zao zinapatikana bure. Lakini una mpaka wake, na hapo sitaki kudanganya mtu. Mtoto asipowahi kuona programu yake mwenyewe ikikataa, somo hubaki mchezo wa uani. Mashine inahitajika, ila idadi yake ni ndogo kuliko mnavyoomba. Kompyuta moja kwa wanafunzi wawili ni bora kuliko moja kwa mmoja, mradi mwalimu asimamie zamu: mmoja anachapa, mwenzake anasoma na kuelekeza, baada ya dakika kumi wanabadilishana. Asiposimamia, mvulana atashika kibodi na msichana atashika daftari mpaka kengele ilie. Hilo nimelitazama shule baada ya shule, hata zenye mwalimu wa kike.

Kuhusu cha kununua, nitapita haraka. Kompyuta za mezani zilizotumika, zikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure, zinaendesha Python na Scratch, ile lugha ya programu ya watoto, bila intaneti. Micro:bit, kile kibao kidogo chenye taa 25 kilichotoka Uingereza mwaka 2016, hufanya kazi kwa betri mbili ndogo, na mwalimu mkuu haogopi kukitoa kabatini. Vipakatalishi vipya vya bei kubwa ningeviacha. Funikeni mashine jioni, feni isafishwe kila muhula, chumba kiwe na madirisha yanayopitisha upepo.

Intaneti? Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Nchi nyingi jirani hupata mawasiliano yao kupitia fukwe zetu hizi. Kutoka ufukweni mpaka darasa la shule ya umma Likoni au Jomvu ni kilomita chache, na ndizo zisizolipiwa na mtu. Ila kwa Gredi ya 7 mpaka ya 9 intaneti si kikwazo cha kwanza. Mwalimu akiwa na flashi ya gigabaiti chache, mwaka mzima unapita.

Kilichobaki ni mwalimu, na hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza. Semina ya siku mbili hotelini haimfanyi mtu awe mwalimu wa programu. Anarudi na cheti na begi. Kinachofanya kazi ni kumpunguzia vipindi vitatu kwa wiki kwa muhula mmoja, akutane na mwenzake wa shule jirani, waandae somo pamoja, mmoja afundishe mwingine akitazama. Shule za umma za kisiwani ziko karibu kiasi kwamba mtu anakwenda kwa miguu. Chuo cha Ualimu Shanzu kiko hapa hapa kaunti, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko Tudor, vyote vina watu ambao wangeweza kukaa na walimu hawa. Gharama yake ni ya mwalimu wa kushika vile vipindi vitatu. Nikilitaja hilo vikaoni, watu huangalia simu zao. Projekta ina picha ya kukabidhiwa, kipindi kilichopunguzwa hakina.

Wazazi nao wananiuliza: akili unde si inaandika programu yenyewe, mwanangu asomee nini? Ukiiomba ikuandikie programu ya kupanga alama, itakuandikia. Atakayegundua kwamba mwenye 82 kaonewa ni nani?

Gredi ya 10 ya kwanza imeanza Januari 2026, na kompyuta ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mwanafunzi atalichaguaje ikiwa Gredi ya 9 aliliona kama kurasa za picha za kibodi? Na wale wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao KCSE yao ya mwisho, mtihani wa kumaliza sekondari, ni 2027, bado wanafanya karatasi ya tatu, ule mradi wa mfumo wa hifadhidata. Kila mtu anajua kwamba baadhi ya miradi hiyo huundwa kwa malipo katika saiba, yale maduka ya intaneti. Mtihani mpya ukirithi tabia hiyo, tutakuwa tumebadilisha jina la darasa tu. Dawa yake si ngumu: mtahini akae na mwanafunzi dakika tano, abadilishe sharti moja katika programu, amwambie aeleze kitakachotokea kabla ya kuiendesha. Walimu watatu wa shule tofauti wameanza kufanya hivyo katika tathmini zao za ndani muhula huu. Inachukua muda, kwa darasa la watu 60 ni saa tano kamili, na ndiyo maana nilianza kwa kuomba ratiba.