Maana ya ulinganishi wa mahusiano ya kazi baina ya nchi

Ulinganishi wa mahusiano ya kazi ni taaluma inayochunguza jinsi waajiri, wafanyakazi na serikali za nchi mbalimbali wanavyoafikiana, au wanavyoshindwa kuafikiana, kuhusu mishahara, saa za kazi na masharti mengine ya ajira. Utatu huo wa wahusika ndio aliouwekea msingi wa nadharia Mmarekani John Dunlop mwaka 1958, na wachambuzi wengi bado huanzia hapo.

Kosa linalofanyika mara kwa mara, nalo si dogo, ni kupima nguvu ya wafanyakazi kwa idadi ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi peke yake. Nchini Marekani na Ufaransa, takriban mfanyakazi mmoja tu kati ya kumi ni mwanachama. Hata hivyo, mikataba ya hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya vyama hivyo na waajiri, nchini Ufaransa inawafikia zaidi ya wafanyakazi tisa kati ya kumi, kwa kuwa mingi hujadiliwa kwa niaba ya sekta nzima, na waziri wa kazi ana mamlaka ya kuipanua hadi iwabane waajiri ambao hawakuitia saini. Mhudumu wa mgahawa ambaye hajawahi kulipa ada ya chama chochote analindwa na mkataba wa sekta yake. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1935, chama hakina budi kuungwa mkono na wafanyakazi walio wengi mahali husika, kwa kawaida kwa kura ya siri. Kikishindwa hakuna majadiliano, na hata kikishinda, mkataba kwa kawaida humbana mwajiri huyo tu.

Ujerumani ina njia mbili kwa pamoja: vyama hujadili mishahara, huku mabaraza ya wafanyakazi yakishughulikia mambo ya ndani ya kampuni, kama vile ratiba za zamu. Aidha, tangu mwaka 1976, kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wawakilishi wao nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ingawa kura zikilingana mwenyekiti, ambaye kwa kawaida hutoka upande wa wenye hisa, ndiye mwenye kura ya uamuzi.

Kusoma sheria peke yake nako hupotosha. Sheria za Uswidi hazitaji kima cha chini cha mshahara, na msomaji wa haraka angedhani kwamba wafanyakazi wa huko wameachwa bila kinga, ilhali viwango hivyo hupangwa na vyama na waajiri wenyewe katika mikataba yao.