Weupe wa Kibo, tope la korongoni: tunayoyaamini vibaya kuhusu mvua za milimani

Kila mwaka masika yakielekea ukingoni, mawingu yakifunguka asubuhi moja ya mwezi wa tano, simu yangu hujaa picha ileile: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imevaa nyeupe hadi mabegani, chini yake migomba ya watu. Kwenye kundi letu la nyumbani mmoja huandika, "Barafu imerudi, wazungu walitudanganya kwamba inaisha." Wa pili hujibu, "Furahini tu. Hiyo ikiyeyuka, Moshi yote inakwenda na maji." Mjomba mmoja aliyepandisha wageni mlimani miaka mingi huweka alama ya kucheka, kisha hunyamaza.

Mimi nimechoka kunyamaza, kwa sababu wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Macho huenda kileleni kwa kuwa ndiko kunakong'aa. Maji yanayoua watu hutoka kiunoni mwa mlima, msituni, na hupita kwenye makorongo na makalavati tunayoyavuka kila siku bila kuyatupia jicho.

"Theluji ikiyeyuka, mafuriko yanakuja"

Tuanze na hii, maana ndiyo inayotisha watu bure. Barafu yote ya Kilimanjaro ilipopimwa mwaka 2007 haikufika hata kilomita 2 za mraba. Tena kileleni ni pakavu kuliko watu wanavyodhani. Theluji ya mwaka mzima ya kule juu, ukiigeuza yote iwe maji, ni kidogo kuliko mvua inayonyesha Moshi mjini. Na sehemu kubwa ya hiyo kidogo haishuki kama maji. Hewa ya juu ni baridi na kavu, jua ni kali, kwa hiyo barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, ikapotelea hewani bila kulowesha jiwe.

Sasa shuka hadi msituni, upande wa kusini, kwenye urefu wa mita 2,000 hivi. Huko ndiko mawingu yanakotua mzigo: zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Chemchemi zetu karibu zote zinakunywa huko, si kwenye barafu. Mafuriko nayo yanatoka hukohuko.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Zikinyesha milimita 100 usiku mmoja juu ya kilomita moja tu ya mraba, hizo ni tani 100,000, yaani malori 10,000 ya tani kumikumi. Msitu hunywa sehemu yake. Lakini baada ya wiki kadhaa za masika udongo unakuwa umeshiba, na mtu aliyeshiba humlishi kwa nguvu. Kinachozidi kinashuka.

Kule Kasese, Uganda, mto Nyamwamba ulipofurika mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, ukaiharibu hospitali ya Kilembe, wapo walionyoosha kidole kwenye theluji ya Rwenzori. Watafiti waliofuatilia mafuriko ya 2013 walikuta mambo mengine: mvua kubwa, maporomoko ya ardhi, na miteremko iliyokuwa imeungua kwa moto wa msitu mwaka uliotangulia. Mizizi ikishaungua, hakuna kinachoshika udongo, nao mto hupata mawe ya kubeba.

"Theluji mwezi wa tano? Dunia imeharibika"

Dunia ina matatizo yake, ila hili si mojawapo. Kilimanjaro haina kipupwe cha Ulaya kwamba theluji ianguke Desemba na kukoma Machi. Theluji yake hufuata mvua. Kukinyesha masika huku chini, huko juu inaanguka theluji. Vuli ikija, vilevile. Ndiyo maana mwishoni mwa Mei mlima huwa mweupe kuliko wakati wa Agosti. Watalii wanaokuja mwanzoni mwa Juni wakitarajia njia kavu hushangaa kukuta theluji karibu na Stella Point, kituo kilicho ukingoni mwa kreta ya Kibo. Wagumu, yaani wapagazi wetu, hawashangai. Wao wanahofia zaidi mvua ya baridi ya mita 3,500, inayolowesha nguo hadi mwilini halafu upepo ukaja, kuliko theluji kavu ya juu unayoikung'uta begani ikaanguka.

Mzungu wa kwanza kuiandikia habari theluji hii, mmisionari Johannes Rebmann, aliiona Mei 11, 1848, katikati ya masika yetu. Alidhani ni wingu jeupe. Alipomuuliza kiongozi wake ni nini kile, akajibiwa kwa neno moja: "Baridi." Nalipenda sana jibu hili. Mtu hakuwa na haja ya neno la theluji. Alikitaja kitu kwa kile kinachofanya. Habari ilipofika London, bingwa mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima akaangukiwa na theluji yenyewe, na Cooley bado alikuwa mgumu kukubali.

Hesabu ambayo ingemsaidia bwana yule ni hii: hewa hupoa kwa wastani wa nusu digrii na zaidi kidogo kila upandapo mita 100. Kutoka Moshi hadi kilele, mita 5,895, ni kupanda kama mita 5,000. Toa digrii 30 kwenye joto la Moshi uone unabaki na nini. Kuhusu wanaosema juu ni karibu na jua kwa hiyo kunapaswa kuwa na joto, jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Hizo tano za mlima hazilisogezi.

"Basi barafu imerudi"

Haijarudi. Theluji ya msimu ni shuka, barafu ni godoro. Shuka hutandikwa usiku na kutolewa baada ya siku kadhaa za jua, lakini godoro lilihitaji miaka maelfu kujaa. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Theluji nyingi inasaidia kidogo, maana weupe wake hurudisha miale ya jua na kuifunika barafu chakavu isiliwe upesi. Lakini picha moja nzuri ya Mei si ushahidi wa kitu chochote zaidi ya kwamba juzi kulinyesha.

"Theluji imeanguka Nyahururu"

Septemba 2008, sehemu za Busara karibu na Nyahururu, Kenya, watu walitoka nje wakakuta mashamba meupe. Vichwa vya habari vikaandika theluji. Ilikuwa mvua ya mawe, iliyoanguka nyingi kiasi cha mawe kugandana yakawa mkeka mmoja wa barafu.

Tofauti yake si ya kubishania maneno tu. Mvua ya mawe hutengenezwa ndani ya wingu la radi, ambamo upepo unarusha matone juu mara kwa mara hadi yagande, kisha yanaanguka hata kama chini kuna joto la kuvaa shati. Theluji inataka hewa iwe ya baridi hadi ardhini. Kwa hiyo shamba jeupe la mvua ya mawe linakuambia kulikuwa na dhoruba kali ya radi, na penye dhoruba ya namna hiyo mto wa karibu unaweza kujaa ndani ya saa moja. Ukisema "theluji" utachukua simu upige picha. Ukisema "mvua ya mawe" utamkumbuka mtoto aliyekwenda kuteka maji.

Na zile picha za nyasi nyeupe kutoka Makete na Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, zinazozunguka Juni na Julai ni sakitu: umande ulioganda usiku usio na mawingu. Hakuna kilichoanguka kutoka juu.

"Hapa hakujanyesha, mto uko salama"

Hii ndiyo inayowaua watu wazima wenye akili zao.

Nikiwa darasa la tano tulikuwa tukivuka mto kwa kuruka mawe. Siku moja tunatoka shule, jua linawaka, barabarani vumbi. Bibi alikuwa anakata majani ya ng'ombe ukingoni, akatupigia kelele tusimame. "Sikilizeni." Hatukusikia kitu. Baadaye tukasikia, na haukuwa mlio wa maji. Ni mawe, yanagongana huko chini ya mto kama mtu anayeburuta masanduku chumba cha pili. Maji yaliyokuwa yakitufika vifundoni yalikuwa tayari yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani mabichi na vijiti. Jiwe la tatu, lile kubwa tulilokuwa tunapumzikia, likazama tunaliangalia.

Mvua ilikuwa imenyesha msituni saa chache kabla, nasi kijijini tukaona wingu jeusi tu huko juu. Miteremko ya Kilimanjaro ni mikali na mito yake ni mifupi: mvua ya juu hufika kwenye madaraja ya mjini, na baadaye tambarare za Kahe, wakati watu wa huko wanaanika mahindi. Dalili ni zile za bibi: maji kubadilika rangi ghafla, majani mabichi, mngurumo wa mawe. Kuna nyingine ya kutisha zaidi, nayo ni mto kupungua ghafla wakati mvua inaendelea. Maana yake kuna kitu kimeuziba huko juu, na kitaachia.

Kina nacho kinadanganya. Sentimita 15 za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Thelathini zinaanza kuelea na gari dogo. Sitini zinabeba magari mengi, na Hiace iliyojaa abiria haina msamaha wowote, hata dereva awe na haraka kiasi gani.

"Mlima umelipuka"

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope liliingia mji wa Katesh, mkoani Manyara, chini ya mlima Hanang. Lilikuja na mawe na magogo, likapita katikati ya nyumba watu wakiwa bado wamelala. Waliokufa walizidi 80. Kabla ya jua kupanda, sauti za kusambazwa zilikuwa zimeshafika hadi kwetu: volkano imelipuka, ikimbieni Manyara yote.

Naelewa uvumi huo ulikotoka. Hanang, mita 3,420, kweli ni mlima wa volkano ya zamani, na mngurumo wa tope zito usiku hauna tofauti kubwa na mngurumo mwingine wowote. Lakini maelezo ya serikali, baada ya wataalamu wa jiolojia kukagua, yalikuwa kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka, ikafuata mikondo ya mito hadi mjini. Hakukuwa na moto wala uji wa volkano.

Uvumi ule una madhara yake. Anayeogopa volkano anatazama kilele akisubiri moshi. Anayejua ni tope anatazama korongo lililo nyuma ya nyumba yake, anachunguza nyufa mpya kwenye mteremko, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyotokea mahali pasipokuwa na maji.

Wengine wakaja na dhana ya upande wa pili: mlima wenye miti hauporomoki. Miti inasaidia sana, mizizi hushona udongo wa juu. Ila mpasuko ukiwa chini kuliko mizizi, msitu nao hushuka, na yale magogo yaliyogonga nyumba za Katesh yalikuwa miti iliyosimama mlimani. Mgomba, kwa taarifa yenu ndugu zangu wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani Uchagani, mizizi yake ni mifupi. Usiutegemee kushika mlima.

"Yote ni El Nino"

El Nino, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, inahusika sana na vuli. Oktoba hadi Desemba, ikikutana na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, mvua huzidi, na vuli ya 2023 ilikuwa hivyo. Masika ni habari nyingine: uhusiano wake na El Nino ni dhaifu, na wanasayansi waliochambua mvua za Machi hadi Mei 2024 hawakuuona mkono wake. Hata hivyo jina liliendelea kutumika kwa kila tone, hadi Aprili ile ambapo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kuwa watu 155 wamekufa Tanzania kwa mvua. Jambo lisilo na msimu ni joto lenyewe. Kila digrii moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mzigo huo lazima utuliwe mahali.

"Bwawa limepasuka"

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, maji yaliyojaa tope yalifagia nyumba Mai Mahiu, Kenya, yakaua watu zaidi ya 45. Asubuhi taarifa zikasema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba hapakuwa na bwawa la namna hiyo. Mlikuwa na njia ya maji chini ya tuta la reli. Ikazibwa na mawe, udongo na miti, maji yakajaa nyuma ya tuta kama ziwa, kisha tuta likashindwa.

Kwetu kuna kalavati chini ya barabara ya vumbi, upana wake mbuzi anapita bila kuinama. Krismasi iliyopita niliinama kuchungulia. Mlikuwa na shina la mgomba, chupa za maji, mfuko wa saruji uliojaa mchanga na tairi la pikipiki. Mwanga wa upande wa pili sikuuona.